Tundu la Msumari

Bati letu limewahi kuwa paa la watu wengine.
Liliezeka duka la shemeji, likang'olewa usiku ule
moto wa mlima ulipokuwa mtaa wa pili.
Walipolipigilia upya huku Mabanga
misumari haikutafuta matundu yake ya zamani.

Kwa hiyo saa tatu asubuhi, jua likishauruka ukuta wa jirani,
sakafuni kwangu hudondoka sarafu thelathini na moja.
Nimezihesabu. Mumbere anasema ni ishirini na nane,
lakini yeye huhesabu akiwa amesimama, ufunguo mkononi.
Mimi niko mkekani wiki ya sita,
mguu wa plasta juu ya bidoni,
tangu pikipiki initupe kwenye mzunguko wa Chukudu.

Simu yangu ina ufa. Kila picha ina uzi mwembamba
unaoshuka kutoka pembe ya kushoto,
kama unywele uliosahauliwa kwenye sahani.

Nilianza na zile sarafu.
Kisha chekeche la unga, nikaliinua juani:
kivuli kikafuma kitambaa juu ya paja langu,
kitambaa ambacho ukikigusa
kinahamia mkononi.
Kisha mbao za ukuta, zile tano zisizopatana,
na mistari yao ikipanda kitandani kama ngazi,
ikivunjika magotini mwa mtoto aliyelala.
Na kitako cha sufuria! Kitazame sana,
utaona jivu la Kavugho lilivyokwaruza, likazunguka, likazunguka,
nyayo za mtu aliyepotea asiye na haraka.

Nje jiwe ni jeusi, vumbi ni jeusi,
soksi za shule ni nyeupe mpaka saa moja na nusu.
Kwenye weusi huo
mwanga mdogo hauna pa kujificha.

Umeme uliporudi juzi usiku, baada ya siku nne,
majirani walipiga vigelegele.
Balbu ikavimulika vitu vyote kwa haki sawa
na sikuona hata kimoja cha kupiga.

Shangazi Kanyere alikuja na ndizi, akaomba simu.
"Mafoto yote haya, na watu hamna?
Siku ukifa tutawaonyesha wageni chekeche?"
Alipitisha kidole, akapitisha, akaguna.
Akafika kwenye kikombe.
Kikombe cha bati, peke yake mezani, jua la jioni,
kivuli kirefu kuliko chenyewe
na mkono wake umelala ubaoni kama sikio.
Akaivuta picha karibu. Akaisukuma mbali.
"Hapa kwenye mdomo pamebonyea.
Hapa ndipo mama yako alipokuwa akiuma
akisubiri habari za mtu."
Sikuwa nimepaona. Nilidhani nimepiga kivuli.
Akanirudishia simu kwa mikono miwili.

Mwezi wa tisa mvua zikatangulia ngurumo.
Mumbere akamleta fundi Mugisho na kopo la lami.
"Ziba yote," nikasema, "ila lile la juu ya meza."
"Mama, mvua haichagui."
"Najua."
Alinitazama mguu, kisha kichwa,
kama anayepima ugonjwa umepanda hadi wapi.
Lakini aliliacha.

Usiku ule ilinyesha mpaka mbwa wakanyamaza.
Tone lilipita palepale jua lilipozoea kupita,
likaangukia ndani ya kikombe, tone juu ya tone,
nami nikalala nikihesabu na kukosea.

Asubuhi nyumba ilikuwa na giza jipya, giza lililozibwa vizuri.
Nilikaribia kulia, kusema kweli.
Saa tatu ikafika.
Sarafu moja ikashuka, ikatumbukia kikombeni,
ikagonga maji, ikaruka juu,
ikawa inatetemeka kwenye bati jeusi la lami
kama kitu kilichoamshwa ghafla.
Sikupiga. Mkono haukufika kwenye simu.

Mumbere alisimama mlangoni, ufunguo mkononi.
"Moja," akasema.
Hapo tukakubaliana.